Saa iliyopotea katika daftari la mishahara: shajara ya mradi, Nairobi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo tumeanza rasmi, ingawa "rasmi" kwetu ni meza moja, tarakilishi mbili na chupa ya chai katika chumba tulichokodi Ngara. Tuko watatu: mimi ninayeandika shajara hii, kijana wetu wa takwimu, na mama mmoja aliyestaafu baada ya kuandaa mishahara ya watu miaka na mikaka katika viwanda vya Industrial Area. Huyu wa tatu ndiye nguzo. Sisi wawili tunajua vitabu, yeye anajua daftari.

Tunachotaka kupima ni hiki: walioajiriwa katika sekta ya kibinafsi hapa Nairobi, wanawake kwa wanaume, hulipwa kiasi gani kwa saa, tukiwapanga kwa aina ya shughuli ya mwajiri. Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutoa ripoti ya uchumi yenye idadi ya walioajiriwa kwa sekta na jinsia, na wastani wa mapato kwa sekta. Hatuna nia wala uwezo wa kuirudia kazi hiyo. Tunataka kuongeza safu moja pembeni, ya saa. Nimewaambia wenzangu itatuchukua miezi miwili.

Mfano tulioanza nao ni wa New Zealand. Kule, kila robo mwaka, waajiri huulizwa kuhusu wiki ya malipo inayoishia tarehe 20 ya mwezi wa kati wa robo hiyo au kabla yake kidogo: mmelipa kiasi gani, na mmelipia saa ngapi, za kawaida mbali na za ovataimu mbali. Kisha ni kugawanya tu. Uingereza wao huchukua mfanyakazi mmoja katika kila mia kutoka orodha ya kodi ya mishahara, mwezi wa Aprili. Nilipomweleza mama haya alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, wale wamezoea kuhesabu pesa kwa saa. Hapa muulize mtu analipwa ngapi kwa saa, atakutazama kama umemuuliza kivuli chake kina kilo ngapi."

Alhamisi, 13 Machi

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, kimetoka. Kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tumekubaliana mapema: hatuchukui jina, nambari ya kitambulisho wala ya simu. Mtu kwetu ni jinsia, kazi, pesa na saa.

Siku nzima tumegombana juu ya neno "mshahara". Kijana alikuwa ameandika katika hojaji: Mfanyakazi analipwa mshahara wa shilingi ngapi kwa mwezi? Mama akachukua kalamu nyekundu. Mshahara upi? Wa msingi? Wa msingi pamoja na nyumba? Jumla kabla ya makato? Au kile kinachoingia kwenye simu tarehe 30?

Kijana alitaka hicho cha mwisho, kwa hoja kwamba ndicho mtu anachokula. Hoja nzuri, kipimo kibaya. Kabla pesa haijafika kwenye simu imepita kwa kodi ya PAYE, mfuko wa pensheni wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, halafu sacco, halafu mkopo. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara, maana yake mtu anaweza kihalali kabisa kubaki na theluthi moja tu mkononi. Ukipima kinachobaki, unapima madeni ya wafanyakazi, si malipo ya waajiri. Watu wawili wenye mshahara mmoja, mmoja akiwa na mkopo wa kiwanja Joska, wangetokea kwenye jedwali letu kana kwamba mwajiri anawabagua.

Kwa hiyo tumeshika kanuni iliyowekwa na wanatakwimu wa kazi duniani huko Geneva mwaka 1973: hesabu kila shilingi ya mwajiri inayomfikia mfanyakazi kabla ya makato, marupurupu, bonasi na malipo ya siku za likizo yakiwemo. Mchango wa mwajiri kwa NSSF na ile asilimia 1.5 yake ya ushuru wa nyumba haviingii, maana haviupitii mkono wa mfanyakazi.

Marupurupu ya nyumba yatatusumbua, naona tangu sasa. Kiwango cha chini cha mfanyakazi wa kawaida Nairobi, tangu Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hicho ni cha msingi tu. Nyumba ni asilimia 15 juu yake, yaani 2,417.06. Mhasibu mmoja atatuandikia 16,113.75, mwenzake 18,530.81, na wote wawili watakuwa wanamzungumzia mtu wa daraja lilelile.

Bakshishi ya mhudumu wa hoteli tumeiacha nje, kwa sababu inatoka kwa mteja na siku hizi inaenda moja kwa moja kwenye M-Pesa ya mhudumu bila mwajiri kuiona. Ile ada ya huduma inayokusanywa na hoteli yenyewe na kugawiwa wafanyakazi pamoja na mshahara, hiyo imo. Mama ananiambia wahudumu watanicheka nikisema hizi ni pesa za aina mbili. Na wacheke.

Jumanne, 25 Machi

Leo ilikuwa zamu ya "sekta". Tunatumia orodha ya Umoja wa Mataifa ya shughuli za kiuchumi, toleo la nne, yenye sehemu 21 kutoka A hadi U. Karatasini ni kitu safi sana. C ni viwanda, F ni ujenzi, G ni biashara ya jumla na rejareja, I ni malazi na chakula, J ni habari na mawasiliano, K ni fedha na bima, N ni huduma za usaidizi.

Asubuhi nilisimama kwenye ukumbi wa jengo moja Upper Hill ambalo lina benki, nikahesabu kwa macho. Mlangoni mlinzi. Kwenye vigae mwanamke anapiga deki, kibao cha njano cha "sakafu ina maji" kando yake. Mwanamke mwingine anasukuma kigari cha vikombe. Nyuma ya kioo karani wa pesa. Nje, dereva amelala na kofia usoni. Ukimuuliza yeyote kati yao anafanya kazi wapi, atakutajia benki.

Karatasini, ni karani peke yake aliye K. Mlinzi ni wa kampuni ya ulinzi, kwa hiyo yuko N, kitengo cha 80. Mpiga deki ni wa kampuni ya usafi, N tena, kitengo cha 81. Mwenye vikombe ni wa mwanakandarasi wa chakula, yuko I. Dereva ameletwa na wakala wa kukodisha wafanyakazi: N, 78.

Fikiria basi zamani, wapiga deki walipokuwa kwenye daftari la benki. Wengi wao wanawake, wa mshahara wa chini. Siku benki ilipowahamishia kwa mwanakandarasi, wastani wa wanawake katika K ulipanda, na pengo kati yao na wanaume likapungua. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeongezwa ndururu. Mpiga deki yuleyule anapiga deki sakafu ileile, huenda kwa pesa kidogo kuliko awali, na takwimu za sekta ya fedha zinameremeta kama vigae vyake.

Hatuwezi kuivunja orodha, maana bila hiyo hatutaweza kujilinganisha na mtu yeyote. Tumeongeza swali moja: mahali unapofanyia kazi, wenye mahali hapo wanajishughulisha na nini? Kila mtu atakuwa na herufi mbili, ya anayemlipa na ya anayemtumikisha. Kijana amenung'unika kwamba majedwali yataongezeka maradufu. Yataongezeka.

N yenyewe ni gunia. Humo utapata mlinzi wa lango na kijana wa kituo cha simu anayevaa vipokea sauti na kuwahudumia wateja wa Marekani usiku kucha. Wastani wa gunia hauniambii kitu. Tutaipasua N kwa vitengo.

T, yaani waajiriwa wa majumbani, hatuna orodha yao. Tunachagua sampuli kwa kampuni, na jiko la mtu Lavington si kampuni. Maana yake kazi yenye wanawake wengi mno iko nje ya kipimo chetu tangu siku ya kwanza. Hilo litaandikwa juu ya jedwali la kwanza, kwa maandishi ya kawaida, si kwa yale madogo ya chini.

Jumatano, 9 Aprili

Fomu za majaribio zimerudi, kumi na moja kati ya ishirini, si haba. Nilizifungua kwa hamu ya mtoto aliyeletewa mandazi.

Safu ya saa kwa wiki: 52. 52. 52. Fomu ya pili: 52 kutoka juu hadi chini. Ya tatu vilevile. Kwenye fomu moja mhasibu alikuwa ameivuta 52 kwa kipanya mpaka mstari wa mwisho, akajiwekea na yeye mwenyewe, akamwekea na mwanamke ambaye mstari uohuo unasema yuko likizo ya uzazi.

Nilikasirika. Mama hakukasirika. "Wamekujibu ulichouliza. Umeuliza saa za kazi, wamekupa saa za kazi za sheria."

Hamsini na mbili ndiyo wiki ya kawaida katika amri ya jumla ya mishahara, igawanywe kwa siku sita. Wa usiku ni 60. Na hapo ndipo inapotoka ile 225 ambayo kila mhasibu wa mji huu anaijua hata usingizini: saa 52 mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12, unapata 225 na nukta kidogo. Ukitaka kujua ovataimu ya mtu, unachukua mshahara wa msingi, unagawanya kwa 225, unazidisha kwa moja na nusu, au kwa mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu. Mama amefanya hesabu hiyo maelfu ya mara. Kwake 52 si kipimo cha kitu kilichotokea. Ni kigawanyo.

Kwa hiyo kosa lilikuwa letu. Wanatakwimu wa kazi walikwisha kulitenganisha jambo hili mwaka 2008: kuna saa za mkataba, saa za kawaida za sheria, saa zilizolipiwa, saa ambazo mtu huzifanya kwa mazoea, na saa alizofanya kweli wiki fulani. Sisi tuliuliza "saa" tu kama vile ni moja. Sasa tunataka mbili bila kuchanganya: zilizolipiwa na zilizofanywa. Yule mwanamke wa likizo ya uzazi amenisaidia kuliona. Sheria inampa miezi mitatu kwa mshahara kamili, kwa hiyo upande wa malipo saa zake zipo, upande wa kazi ni sifuri. Ukimpima kwa saa alizofanya, utagawanya kwa sifuri. Ukimwondoa, umewaondoa wanawake peke yao. Tumeamua anabaki kwenye hesabu ya saa zilizolipiwa, na kwenye ile nyingine anasubiri arudi.

Jambo dogo la aibu: tuliandika "Jinsia (M/K)". Waliojaza kwa Kiswahili, wengine M yao ni Mume, wengine M ni Mwanamke, na mmoja K yake ni Kiume. Tumebadilisha kuwa Me na Ke, na visanduku vya kutia alama. Hatuwezi kukisia kwa majina, maana daftari nyingi tulizoonyeshwa huandika herufi moja na jina la ukoo, na J. Kamau anaweza kuwa John au Jane.

Jumamosi, 12 Aprili

Jumamosi ni siku ya malipo kwenye mjengo, kwa hiyo nilienda Ruaraka, penye ghorofa inayopanda kwa kasi. Hapo hakuna daftari la mishahara. Kuna kijitabu cha nyapara, cha mistari, kilicholowa simiti pembeni. Kila jina lina vijiti: kijiti kirefu ni siku nzima, kifupi ni nusu.

Niliomba kukiona, akanipa huku akinisimamia. Majina ya mafundi na watu wa mkono, karibu wote vijiti virefu. Jina moja la mwanamke anayechota maji ya kuchanganyia lilikuwa na vijiti vifupi wiki baada ya wiki, halafu mwezi huu, ghafla, virefu vitupu. Nikadhani amepandishwa.

Nilimkuta ameketi kwenye mtungi ulioinamishwa, anafunga leso. "Dada, mbona zamani ulikuwa unafanya nusu siku?"

"Nusu gani? Shule zikiwa wazi nampeleka mtoto, nafika saa tatu. Wengine wanaanza saa mbili. Ukikosa jina likiitwa, ni nusu. Lakini natoka nao, saa kumi na moja."

Hesabu yake niliifanya palepale nyuma ya fomu. Siku nzima ni saa nane ukitoa ya chakula. Yeye alifanya saba, akalipwa nne. Shule zilipofungwa mapema mwezi huu, akalipwa nane. Kijitabu hakina uongo hata kidogo, kijiti kifupi kweli ni malipo ya nusu. Ila mtu akikichukua kama ushahidi wa saa, ataandika kwamba mwanamke huyu alichagua kufanya kazi kidogo, na kwamba kwa saa analipwa sawasawa na wanaume.

Nimeuliza nyapara kama anajua. Amesema sheria ya jina ni ya wote. Ni kweli, ni ya wote. Hakuna mwanamume katika kijitabu kile anayepeleka mtoto chekechea.

Alhamisi, 22 Mei

Wiki ya kipimo ilikuwa tarehe 12 hadi 18 Mei. Tuliichagua kwa kuikwepa Pasaka ya Aprili na sikukuu ya wafanyakazi ya Mei mosi. Fomu mpya zina saa za kuingia na kutoka kwa kila siku, na kwa kila mwajiri tunazungumza pia na wafanyakazi wachache pembeni.

Jana usiku kijana alinipigia simu anacheka na kulia kwa pamoja. Programu yake ilikuwa imetoa mlinzi aliyefanya kazi saa sifuri wiki nzima, na muuza viatu aliyefanya saa 108.

Mlinzi alikuwa ameandika "saa 12 hadi saa 12". Sisi Waswahili tunajua: jioni hadi alfajiri. Tarakilishi ilitoa 12 kwa 12 ikapata hakuna kitu. Muuza viatu alikuwa ameandika "aliingia 7, akatoka saa 1 usiku". Saba yake ni ya Kizungu, saa moja yake ni ya kwetu, zote katika mstari mmoja, na hakuna mtu Nairobi anayeona ajabu. Programu ilifundishwa kwamba saa ya kutoka ikiwa ndogo basi usiku wa manane umepita, ikaongeza 24, ikapata saa 18 kwa siku. Mara sita.

Tumepitia fomu zote kwa mkono, moja moja, mama akisoma kwa sauti. Yeye husikia saa kabla ya kuiona.

Kilichotuokoa kwa walinzi ni kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio ya zamu. Nilikaa jioni moja kwenye lango la nyumba za kupanga Kilimani na mzee mmoja wa zamu. Kibanda kina kiti kisicho na mgongo, tochi, na meza yenye kitabu chenyewe, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi isitembee. Ndani yake lugha ni ya kijeshi na saa ni za tarakimu nne: 1745 amefika, 1800 amepokea lango, 0600 zamu imekwisha, 0640 mwenzake amewasili. Zile dakika arobaini ziliandikwa kwa mwandiko wa haraka. "Matatu ya mwenzangu ilikwama," alisema mzee. "Lango haliachwi." Nilimuuliza kama zinalipwa. Alinitazama kwa huruma.

Saa 12 kwa siku sita ni 72 kwa wiki, 144 kwa wiki mbili. Walinzi wana amri yao ya mishahara, lakini chukua mfanyakazi yeyote wa kawaida anayelindwa na amri ya jumla: hapo dari ya saa za kawaida na ovataimu pamoja ni 116 kwa wiki mbili, na ni wa usiku tu anayeruhusiwa kufika 144. Kampuni moja, jina naliweka kapuni, ilitupa fomu zenye 52 kwa kila mtu, na OB za malango yake mwenyewe zinasema 72.

Hesabu ya pengo hilo kwa mshahara wa chini kabisa: 16,113.75 gawanya kwa 225 ni shilingi 71.62 kwa saa. Kwa mtu anayefanya 72, mwezi una saa 312, na shilingi zake ni 51.65 kwa saa. Saa 20 za ziada kwa wiki, kwa moja na nusu, zingekuwa kama shilingi 9,310 kwa mwezi. Hizo hazimo kwenye daftari kama deni wala kama kosa. Hazimo tu.

Ijumaa, 30 Mei

Mtunza fedha wa duka kubwa moja alikubali tuzungumze akifunga hesabu. Mlango ulishushwa saa tatu usiku. Mashine ya vidole ilikwisha kumtoa kazini dakika hiyohiyo, kwa sababu iko mlangoni na lazima upige kidole kabla shata halijashuka. Kisha akarudi kwenye kaunta, akamwaga droo, akaanza: noti za elfu uso upande mmoja, za mia tano, za mia mbili, akizifunga kwa mipira. Sarafu alizipanga kwa minara ya kumi kumi. Alihesabu mara mbili. Ilipungua shilingi 150. Akahesabu mara ya tatu.

"Nikipata shoti inakatwa," aliniambia bila kuinua macho. "Hata usiku uwe mkubwa namna gani, siondoki na shoti."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na tano alipopata ile 150, noti ya mia na ya hamsini zikiwa zimenata nyuma ya droo. Dakika 45, ambazo mashine ya vidole inasema alikuwa nyumbani.

Nilikuwa nimeisifu mashine ile katika mkutano wetu wa Jumatatu, kwamba angalau yenyewe haina 52.

Alhamisi, 26 Juni

Jana hatukwenda popote. Maandamano ya kukumbuka Juni 25 ya mwaka jana yalifunga katikati ya mji, barabara ziliwekwa seng'enge, maduka yakabaki yamefungwa. Leo nimepiga simu kwa waajiri wachache kuuliza swali moja: siku ya jana italipwa? Mmoja amesema ndiyo, kwa wote. Mwingine amesema ndiyo kwa wa kudumu, vibarua hapana. Wa tatu ameniambia watu wake wataifidia kwa kuja Jumapili, na Jumapili hiyo itaandikwa Jumatano. Nimemshukuru. Sijui afisa wa takwimu wa Wellington, kule New Zealand, angeiweka wapi Jumapili ya namna hiyo, sisi tumeiweka kwenye safu ya maelezo.

Jumanne, 15 Julai

Data imesafishwa, na kijana ametoa majedwali ya kwanza. Siyaweki hapa. Sampuli ni ndogo, na baadhi ya visanduku vina watu watatu, mtu anayeijua kampuni angewatambua. Lakini nataka kuandika jinsi namba zinavyogeuka, kwa mfano wa kubuni, kwa sababu tumebishana juu yake tangu asubuhi.

Mwanamke mtunza fedha, 24,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki. Mwanamume dereva wa lori la kusambaza bidhaa, 30,000, saa 66. Wote wako G, duka moja. Kwa mwezi, mwanamke anapata shilingi 80 kwa kila 100 za mwanamume: pengo la wazi, kichwa cha habari tayari. Sasa kwa saa. Yeye ana saa 195 kwa mwezi, ni shilingi 123.08 kila moja. Dereva ana 286, ni 104.90. Pengo limegeuka, mwanamke yuko mbele kwa asilimia 17.

Kijana alitaka tuchapishe jedwali la saa peke yake, kwa kuwa ndilo tulilolianzia mradi. Mama alimwambia aongeze dakika 45 za droo, siku sita. Saa 45 zikawa 49 na nusu, shilingi 123.08 zikashuka hadi 111.89. Bado yuko mbele, lakini asilimia 61 hivi ya ule ushindi wake imeyeyuka kwenye kaunta baada ya shata kushuka. Halafu akauliza kitu ambacho hojaji yetu haina: kwa nini mwanamke huyo hafanyi saa 66? Huenda hataki. Huenda kazi za saa nyingi hawapewi wanawake. Huenda zile saa ishirini na moja anazozidiwa na dereva ziko nyumbani kwa mtunza fedha, zinapika.

Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa jambo hilo, nambari 100, mwaka 2001. Mtu akitaka kutumia namba zetu kudai hilo, atahitaji kujua ametumia kigawanyo kipi. Kwa hiyo kila jedwali litakuwa na safu tatu zikikaa pamoja: kwa mwezi, kwa saa iliyolipiwa, kwa saa iliyofanywa. Hatutoi moja bila nyingine mbili, hata kwa mwandishi wa habari mwenye haraka.

Pia tumeacha wastani wa kawaida katika K na J, ambako mameneja wachache wanaubeba kama puto. Humo tunatoa mshahara wa mtu wa katikati: panga wote kwa mstari kutoka wa chini hadi wa juu, simama kati.

Ijumaa, 25 Julai

Awamu ya pili inaanza Agosti. Miezi miwili niliyoahidi imekuwa mitano.

Hojaji imepunguzwa kutoka kurasa nne hadi mbili. Swali la tisa limeandikwa upya mara sita, na sasa linasomeka hivi: Jumanne ya wiki hiyo, uliingia kazini saa ngapi, na uliondoka kabisa saa ngapi? Neno "kabisa" ni la mama. Tulilijaribu kwa yule mtunza fedha, na kwa mara ya kwanza alitaja dakika za droo bila kuulizwa. Mzee wa Kilimani alipoulizwa alifungua OB, akaweka kidole kwenye 0640.

Pembeni ya kila saa kuna visanduku vitatu: asubuhi, mchana, usiku. Fomu ziko kwa mpiga chapa wa River Road, ametuambia tuzichukue Jumatatu saa nne. Ya asubuhi. Kijana amesisitiza niliandike hilo.